Eti "Mgonjwa Kachelewa"!

Kuna sentensi moja imenichosha jamani. Kila ifikapo tarehe 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani, sisi waandishi tunaitwa ukumbini, tunagawiwa maji ya chupa na fulana, halafu mheshimiwa fulani anasimama kutangaza kwamba tatizo kubwa la saratani nchini ni wagonjwa kuchelewa kufika hospitali. Makofi. Kesho yake sentensi iko magazetini, ukurasa wa tatu. Ya mwakani unaweza kuiandika leo ukaihifadhi.

Sisemi ni uongo. Wapo wanaochelewa, tena wengi. Lakini sentensi hiyo imegeuzwa shuka la kufunikia mambo mengine, na leo nataka kulivuta shuka hilo kidogo. Maana kuna saratani ambayo mtu anaweza kuwahi, akafika na uvimbe mdogo, akalipa kila alichoambiwa alipe, akapasuliwa siku hiyohiyo, na upasuaji huohuo ukawa ndio uliomponza. Inaitwa sakoma ya tishu laini.

Wengi hatuijui, na sishangai. Saratani tunazozisikia redioni ni za matiti, shingo ya kizazi, tezi dume, koo. Sakoma huanzia kwenye vitu vinavyoushikilia mwili: misuli, mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, kano. Kati ya saratani zote za watu wazima ni kama asilimia 1 tu, na ndani ya hiyo asilimia 1 wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 50. Mahali inapopenda kukaa ni pajani. (Hapa kwetu ukitaja sakoma watu wanafikiria Kaposi, ile iliyotutesa sana enzi Ukimwi haujapata dawa. Hiyo ina njia zake, dawa za kemo na ARV, na leo siizungumzii.) Ninayoizungumzia ni ile inayokuja kama nundu ya kimya, mara nyingi haiumi, haitoi usaha, haimzuii mtu kwenda kazini. Na habari njema ni kwamba ikiwa bado iko mahali pamoja, haijahamia kwenye mapafu, inatibika. Watu wanapona na kuzeeka na miguu yao yote miwili.

Sasa nikupe mfano ninaoujua vizuri kuliko ningependa. Mtoto wa shangazi yangu ni fundi magari, umri wake thelathini na kitu. Aligusa nundu pajani akiwa anaoga, ukubwa wa pera. Hakwenda kwa mganga, hakunywa mizizi, hakuombewa. Mwezi haukuisha akawa hospitali (siitaji, na hata nikiitaja mtasema ziko nyingi kama hiyo, na mtakuwa mmesema kweli). Aliyemwona akabonyeza kwa vidole viwili akasema, "Mafuta tu haya, tunayatoa leoleo." Sindano ya ganzi, kisu, nyuzi saba, dakika arobaini. Akarudi nyumbani kwa bodaboda na jioni akala chipsi.

Nyama iliyotolewa? Ndoo.

Miezi mitano baadaye nundu ikarudi, safari hii palepale kwenye kovu. Akarudi hospitali ileile. "Mzizi ulibaki," wakamwambia, wakakata tena. Ndoo tena. Iliporudi mara ya tatu ilikuwa kubwa kama embe dodo na ngozi imeanza kung'aa, ndipo alipopewa karatasi ya rufaa kuja Dar. Swali la kwanza aliloulizwa na daktari wa rufaa ni: majibu ya nyama ya kwanza yako wapi? Hayakuwepo. Karatasi alizokuja nazo zilisema "uvimbe umetolewa", basi. Haikuandikwa ulikuwa juu ya misuli au ndani yake, haikuandikwa ulitoka mzima au vipande vipande. Mguu ulikatwa. Na kwenye faili lake, nimelisoma kwa macho yangu, mtu ameandika kwamba mgonjwa alichelewa kufika.

Alichelewa! Mtu aliyefika ndani ya mwezi mmoja!

Tulia kwanza, nieleze kwa nini kisu cha kwanza ndiyo kesi yenyewe. Sakoma ikikua inasukuma nyama za jirani, na zile nyama zilizobanwa zinatengeneza kitu kama ganda kuizunguka. Daktari asiyeijua akifungua anafurahi, maana anakuta donge zuri lenye ganda, linamenyeka kama yai lililochemshwa. Analitoa lote, anaona pamebaki safi, anashona. Kumbe lile ganda si ukuta. Lenyewe lina chembe za saratani, na nyingine zimeshapenya nje yake. Alichofanya ni kutoa donge na kuacha ugonjwa, kisha damu ya upasuaji ikausambaza huo ugonjwa kwenye kila upenyo alioufungua. Zimefanyika tafiti nyingi za watu waliopasuliwa namna hii halafu wakarudishwa kwa wataalamu kupasuliwa upya: kati ya theluthi na zaidi ya nusu yao hukutwa bado wana saratani pale ambapo waliambiwa imetoka yote.

Upasuaji wa kweli wa sakoma ni kama kuhamisha mche. Huuvuti mche ukatoka na mizizi mitupu, unachimba pembeni na kuutoa na udongo wake. Daktari anaitoa saratani ikiwa imefunikwa na nyama nzima pande zote, na kama kazi imekwenda sawasawa hauoni kabisa huo uvimbe mpaka maabara waupasue. Sasa utachimbaje pembeni kama hujui umefika wapi? Ndiyo maana kabla ya kisu kunatakiwa picha, MRI kwa kawaida kama ni ya mguu au mkono, na kipimo cha CT cha kifua maana mapafuni ndiko inakopenda kukimbilia. Kisha kinyama kidogo kinachukuliwa kwa sindano nene, na hata hapo sehemu ya kuchomea inachaguliwa na yule atakayepasua baadaye, ili njia ya sindano iondolewe pamoja na uvimbe. Kwenye mguu au mkono mkato unafuata urefu wa kiungo. Ukiukata kwa kukingama, kama wengi wanavyopenda kwa sababu kovu linapendeza, umemlazimisha mwenzako wa mbele akate eneo kubwa mara mbili.

Na msidhani haya ni matatizo ya Afrika tu. Marekani, daktari wa mifupa Henry Mankin na wenzake walifuatilia suala hili la kuchukua kinyama mwaka 1982 wakatoa onyo. Wakarudia mwaka 1996 kwa wagonjwa 597 wenye uvimbe wa mifupa na wa tishu laini, wakakuta hali ni ileile: watu 18 walikatwa viungo bila ulazima, sababu ikiwa ni kinyama kilichochukuliwa vibaya. Makosa yalikuwa mengi zaidi kinyama kilipochukuliwa kwenye hospitali za pembeni kabla ya rufaa. Tofauti ni kwamba wao waliandika, wakahesabu, wakachapisha. Sisi tuna ndoo.

Hapa lazima niguse jambo ambalo wasomi wenzangu wanapenda kulicheka. Umeshasikia watu wakisema saratani ikiguswa na chuma inachachamaa? Bila shaka umesikia. Mitaani, kwenye daladala, msibani. Sisi wa vyuo vikuu tunatikisa kichwa: ujinga huu utaisha lini. Mimi nimeacha kucheka. Sindano iliyochomwa na anayejua haiamshi saratani, hilo liko wazi. Lakini hao wazee hawakuokota imani yao hewani. Walimwona jirani yao mwenye nundu ndogo akienda hospitali akiwa mzima, akakatwa, ikarudi kubwa kuliko mwanzo, akakatwa tena, akafa. Wameona kwa macho. Walichoona ni sakoma iliyomenywa kama yai, wakakosa tu maelezo ya maabara. Kwa hiyo yule anayekuja na uvimbe wa ukubwa wa tikiti baada ya miaka miwili ya dawa za mitishamba, kabla hujamwandikia "kachelewa", muulize alimwona nani akikatwa.

Mwaka 2011, nikiwa bado kaptula za shule, nusu ya nchi ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa ilikuwamo saratani. Babu alifariki mwaka 2021 na mpaka leo ukitaka kuwaponda Watanzania unataja Loliondo. Sawa. Lakini watu hawaikimbii hospitali inayowaponya.

Kuna kingine kinachowakimbiza: neno "kukatwa". Mtu akiambiwa saratani ya paja anaona gongo. Na zamani ilikuwa hivyo kweli, dunia nzima. Halafu kuanzia mwaka 1975, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikafanya jaribio: wagonjwa 43 wenye sakoma za mikono na miguu waligawanywa kwa kura, 16 wakakatwa kiungo, 27 wakatolewa uvimbe kwa upasuaji wa kuokoa kiungo kisha wakapigwa mionzi. Wote walipewa na kemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982 na Steven Rosenberg na wenzake. Kwa wale waliobakiwa na viungo, saratani ilirudi palepale kwa 4, kwa waliokatwa haikurudi kwa yeyote. Ila baada ya miaka mitano, waliokuwa hai ni asilimia 88 ya waliokatwa na asilimia 83 ya waliookolewa kiungo, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kukata mguu hakukuwa kunaokoa maisha kuliko kutokata. Leo katika vituo vikubwa vya sakoma duniani karibu wagonjwa tisa kati ya kumi hubaki na viungo vyao. Lakini soma tena: upasuaji sahihi pamoja na mionzi. Siyo ganzi na nyuzi saba.

Hata mionzi yenyewe ina mpangilio wake. Wakanada walichapisha jaribio mwaka 2002, wagonjwa 190, wakilinganisha mionzi kabla ya upasuaji na mionzi baada ya upasuaji. Kabla: vipindi 25, yaani wiki tano za Jumatatu hadi Ijumaa. Baada: dozi kubwa zaidi, vipindi 33. Waliopigwa kabla walipata matatizo ya kidonda mara mbili zaidi, asilimia 35 kwa 17, wakati waliopigwa baada walielekea kubaki na kiungo kigumu kwa miaka. Kwa hiyo daktari wa mionzi na wa upasuaji wanapaswa kukaa meza moja na kuchagua KABLA mtu hajaguswa. Aliyeshapasuliwa wilayani hana tena cha kuchaguliwa. Na wiki tano za mionzi, kwa mtu wa Sumbawanga, ni wiki tano za kulala wapi Dar? Hili nalo halimo kwenye hotuba za Februari.

Kemo nitaipita haraka. Madaktari wanabishana juu yake mpaka leo. Mwaka 1997 yalijumlishwa majaribio 14 yenye wagonjwa 1,568, ikaonekana inachelewesha ugonjwa kurudi lakini haikuthibitika kwamba watu waliishi zaidi. Kwa baadhi ya aina na baadhi ya wagonjwa inatumika, kwa wengine hapana. Maana yake kwa hoja yangu ni moja: huwezi kuharibu kwa kisu ukategemea dripu ije isafishe.

Sasa najua mtakachoniambia. Daktari mmoja rafiki yangu, tulisoma naye sekondari, ameshaniambia tayari: "Bwana mwandishi, kwa kila sakoma moja kuna nundu mia ambazo ni mafuta tu. Unataka tumpeleke kila mtu Muhimbili? MRI italipwa na nani?" Hoja nzuri, na hesabu yake ya mia kwa moja ndiyo ya vitabuni. Ila hakuna anayetaka MRI kwa kila kinundu. Kinundu kidogo, kilaini, kilicho chini tu ya ngozi, hakijakua kwa miaka, kitoe, halafu kipeleke maabara. Dalili za kuogopa zinajulikana na zinaenea kwenye kiganja: uvimbe unaozidi sentimita 5, au uliozama chini ya utando wa misuli, au unaokua, au uliowahi kutolewa ukarudi. Waingereza huwaambia wananchi wao wapime kwa mpira wa gofu. Sisi ambao gofu tunaiona kwenye TV tuseme yai la kuku. Ukiona mojawapo ya hizo, weka kisu chini. Uingereza hiyohiyo, mwongozo wa taasisi yao ya NICE wa mwaka 2015 unasema mtu mzima mwenye uvimbe usioeleweka unaokua apigwe altrasaundi ndani ya wiki mbili. Altrasaundi! Siyo MRI. Mashine ileile wanayopimiwa mama wajawazito, ambayo hospitali zetu nyingi za wilaya zinayo. Mtoto wa shangazi hakupigwa hata hiyo.

Na gharama, tuzipige kwa uaminifu basi. Aliponzwa na "upasuaji mdogo" wa bei nafuu. Ukajumlishwa upasuaji wa pili, rufaa, nauli na godoro la kukodi la anayemuuguza, upasuaji wa kukata, gongo, na gereji iliyofungwa. Fundi magari wa mguu mmoja anaingiaje chini ya gari? Nani kapiga hesabu hiyo wizarani? Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, jambo zuri, lakini bima itakayolipia kisu na kukataa kulipia kipimo cha nyama itakuwa inagharamia ndoo.

Kila aliyeuguza nchi hii anajua safari ya kinyama. Unapewa kichupa, mara nyingine unaambiwa ukakinunue, unabeba nyama ya ndugu yako kwenye mfuko wa rambo, unapanda daladala kuipeleka maabara ya mji mwingine. Fomalini inatakiwa ya asilimia 10, na iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, la sivyo kinaoza njiani. Nani amemweleza ndugu wa mgonjwa? Akifika wanaomba hela ambayo hakuambiwa mapema, anarudi nayo nyumbani au anaitupa. Halafu tunasema wananchi hawafuatilii majibu.

Tuna vituo. Ocean Road ipo, Muhimbili na MOI zipo, Mwanza kuna Bugando, Moshi kuna KCMC. Hao wataalamu si wajinga, tena wengi wanalia na mambo haya kuliko mimi. Wanapokea mabaki. Ninachodai hakihitaji ndege wala wafadhili. Wizara itoe agizo la kurasa mbili: hakuna nyama inayotolewa kwenye mwili wa mtu ikaingia ndooni, na uvimbe wenye dalili nilizozitaja haukatwi chini ya hospitali ya rufaa. Kwenye rejista ya chumba cha upasuaji iongezwe safu mbili, nyama imepelekwa wapi na majibu yamerudi lini. Rula na kalamu vinatosha. Mganga mkuu wa mkoa akija ukaguzi afungue hizo safu kabla ya kuonyeshwa rangi mpya ya ukuta.

Na sisi wa vyumba vya habari? Kila wiki kuna picha: mtu mwenye uvimbe mkubwa kuliko kichwa chake, na chini namba ya simu ya kuchangia. Wasamaria wanatuma, Mungu awabariki. Mbona maelezo ya picha hayasemi huyo mtu alikatwa mara ngapi kabla ya kufika hapo, na wapi? Kovu mara nyingi linaonekana kabisa pichani. Mhariri atakuambia hiyo ni habari ya wanasheria. Mimi naona ndiyo habari yenyewe.

Wewe unayesoma, kama una nundu au mama yako anayo, usikimbie hospitali kwa sababu yangu. Nenda, tena upesi, uwezekano mkubwa ni mafuta tu. Ila kabla ya ganzi uliza kwa heshima: dokta, tumepiga altrasaundi? Iko juu ya misuli au chini? Nyama itapelekwa maabara gani, na majibu nifuate lini? Akikasirika, shuka kitandani, vaa viatu, omba rufaa. Majibu yakitoka yapige picha kwa simu, kwa sababu faili hupotea.

Madaktari mnaopita hapa kimyakimya, najua mpo na baadhi yenu huniandikia pembeni. Safari hii nijibuni hadharani. Nundu mliyoitoa wiki iliyopita, nyama yake iko wapi?